Pazia la Dada Zuhura

Wasichana wanaojiandaa kwenda kufanya kazi kwenye meli za watalii huja kwangu Kinyala Jumapili baada ya ibada, wakiwa bado na viatu vya kanisani. Huuliza mambo mawili, mshahara na mawimbi. La mshahara nawaachia mawakala waliowaahidi. La mawimbi nawaambia watazoea, na asiyezoea atarudishwa nyumbani, kwa hiyo kwa vyovyote litaisha. Jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza ndilo gumu kuliko yote, nalo ni hili: utalala chumba kimoja na nani?

Nimeamua kuliandika hilo. Nimestaafu, magoti yalistaafu kwanza, mimi nikayafuata. Siku hizi nina migomba, miparachichi michache na ng'ombe mmoja asiyenisikiliza, na nafasi ya kukaa na kuandika ninayo. Mtakaotarajia habari za bandari nzuri mtanisamehe. Mfanyakazi wa dobi huziona bandari kwa foronya: tukifika nchi za joto zinakuja zimelowa jasho, tukifika nchi za baridi zinakuja na mafuta ya midomo.

Kabla ya meli nilikuwa dobi wa hoteli, kwanza Mbeya, kisha Dar es Salaam. Usaili wenyewe ulikuwa wa kunyoosha shati jeupe la mikono mirefu mbele ya mama mmoja aliyekaa kimya akiniangalia. Nilianza na kola, nikaenda mabegani, mikono nikaimaliza mwisho. Mama akaligeuza shati upande wa ndani, akatazama mishono, akasema nitaitwa. Niliitwa. Watoto wangu nikawaacha kwa mama yangu Kinyala, nikapanda ndege kwa mara ya kwanza, na kesho yake nikawa mbele ya meli ndefu kuliko barabara yote ya sokoni Tukuyu.

Siku ya kwanza ni ya kushuka ngazi. Tulishuka, tukashuka tena, mpaka nikadhani tunapelekwa stoo ya mizigo. Kumbe ndiko tunakolala, chini kabisa, mahali ambapo maji yako juu ya kichwa chako na hakuna dirisha la kukukumbusha. Kijana Mfilipino aliyegawa funguo alitazama pasi yangu ya kusafiria, akatazama karatasi yake, akatabasamu kwa furaha ya mtu aliyefanya jambo jema. Akaniambia amenipanga na ndugu yangu. Nikamwambia sina ndugu melini. Akanionyesha kwenye karatasi: wote wawili tumezaliwa Rungwe.

Nilipofungua mlango nilimkuta mwanamke wa makamo, amefunga ushungi, amekaa kitanda cha chini akipanga vibunda vya uzi kwa rangi zake. Alinitazama kuanzia miguuni.

"Karibu. Wewe wa wapi Tukuyu?"

"Wa Kinyala."

"Kinyala na mimi wapi na wapi? Mimi wa Bulyaga."

"Yule bwana wa funguo kasema sisi ni ndugu."

"Huku mtu yeyote anayeijua mvua ya Tukuyu ni ndugu yako. Haya, vua viatu."

Ndivyo nilivyokutana na Dada Zuhura, fundi wa kushona wa meli nzima. Sura yake haikuwa ngeni. Nilipokuwa msichana nilikuwa nikimwona kwenye baraza moja mjini, yuko na cherehani pembeni ya baba yake, familia ya mafundi waliotoka pwani zamani wakaganda kwenye baridi yetu. Lakini kumwona mtu barazani si kumjua. Sikujua hata kama anacheka.

Chumba chenyewe niwaeleze mapema ili msije mkalia. Vitanda viwili vya kupandana, makabati mawili membamba, televisheni ndogo ukutani, na bafu ambalo ukiinama kunawa uso mgongo unafungua mlango. Nafasi ya kusimama ilitosha mtu mmoja. Wa pili lazima awe kitandani au kazini. Kila kitanda kilikuwa na pazia zito. Dada Zuhura alinipa sheria ya chumba siku hiyohiyo, nayo ilikuwa moja tu.

"Pazia langu likiwa wazi, tuzungumze mpaka uchoke. Likifungwa, mimi sipo. Usiniite, usiniulize, hata ukiona miguu yangu. Nami lako nitaliheshimu hivyohivyo. Huku pazia ndiyo nyumba ya mtu."

Nikacheka, nikidhani ananitania. Hakucheka. Kwetu Kinyala mtu akijifungia mchana, majirani wanakuja kuuliza anaumwa nini.

Meli ilipoondoka bandarini mimi niliumwa kweli. Siku hizo za mwanzo sizikumbuki kwa mpangilio, nakumbuka ndoo. Dada Zuhura aliniletea tufaha la kijani na biskuti kavu kutoka kantini ya wafanyakazi, akanisimamia nimalize. Hakunipa pole hata moja. Kilichonishangaza nilikijua baadaye, kutoka kwa wengine: alipomaliza zamu yake ya kushona alikuwa akiingia kwenye chumba cha pasi na kunyoosha mashati ya fungu langu, ili msimamizi asione pengo. Mtu wa majaribio anayelala kitandani hufungashiwa virago haraka. Nilipopata nguvu nikamfuata kumshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, dada." Akanijibu kwa Kinyakyusa kizuri kuliko cha wanangu kwamba kola zangu zinanyooka vibaya.

Ukitaka kujua ufundi wa mtu, mwangalie anavyotunza vifaa. Dada Zuhura alikuwa na subana, kile kikofia cha chuma cha kuvaa kidoleni, ambacho kilikuwa cha baba yake na kilikuwa kimelika upande mmoja kwa kusukuma sindano. Mkasi wake aliufunga kitambaa cha flana na hakuna aliyeruhusiwa kuukatia karatasi. Mkuu mmoja wa mapokezi aliwahi kuomba kuuazima afungulie bahasha. Dada Zuhura alimwambia kwa upole kwamba angependa kumwazima meno yake kuliko ule mkasi.

Kesi ngumu nitawapa moja tu. Ilikuwa jioni ya karamu kubwa, wageni wamevaa nguo za kumetameta, na mama mmoja akashushwa kwetu zipu ya gauni imepasuka mgongoni. Kubadilisha zipu ni kazi ya saa nzima na yeye alitakiwa mezani wakati uleule. Wasaidizi wakaanza kutafuta pini. Dada Zuhura akamsimamisha yule mama, akamwambia ashike ukingo wa meza na asipumue kwa fujo, kisha akamshonea gauni mwilini, kuanzia kiunoni mpaka shingoni, mishono midogo ambayo mtu asingeiona hata akicheza naye muziki. Alipomaliza akamwambia, "Ukitaka kulala, niite nije nikufungue." Yule mama akamkumbatia, akapanda ngazi akicheka. Nilisimama pale na pasi mkononi mpaka shati lililo chini yake likaanza kunuka.

Mimi nami nilikuwa na changu kimoja, madoa ya chai. Baba yangu alifanya kazi kiwanda cha chai, na nguo zake mama alizitandaza juu ya beseni akazimwagia maji yanayochemka kutoka juu, mkono umeinuliwa, mpaka doa likatoka lenyewe. Nilipofanya hivyo kwa kitambaa cha meza ambacho wengine walikuwa wamekikatia tamaa, Dada Zuhura alitazama, akasema, "Hapo sasa umekuja kazini." Ni sifa pekee aliyonipa mwaka ule na mpaka leo naitunza.

Lililonifanya nimheshimu zaidi ni sala. Kusali melini ni mtihani, maana kibla hakitulii. Asubuhi kiko upande wa kabati, mchana kiko bafuni. Dada Zuhura aliwasha televisheni kwenye chaneli inayoonyesha ramani na meli ikitembea kama sisimizi, akaisoma, akageuza mkeka wake mdogo kwenye ile nafasi ya mtu mmoja. Nami nikajifunza kupanda kitandani kwangu mapema na kutulia. Nikitoka kwenda kazini nilikuwa naiacha televisheni kwenye ramani, asihangaike kuitafuta. Hatukuwahi kulizungumza hilo. Siku moja meli ikageuka ghafla akiwa katikati ya sala, ramani ikazunguka nusu duara, nami nikashindwa kujizuia nikanong'ona, "Dada, imegeuka." Akamaliza sala yake pale alipoanzia. Akakunja mkeka, akasema, "Mungu anamjua nahodha."

Tukazoeana kwa njia hiyo, kidogokidogo. Nilikuwa nimebeba majani ya chai ya nyumbani, na ingawa birika la umeme lilikatazwa vyumbani, chupa ya maji ya moto kutoka kantini haikukatazwa. Alasiri moja nilimimina vikombe viwili. Alinusa kabla ya kunywa, akafumba macho.

"Hii ya kwetu."

"Ya kwetu. Baba yangu alifia kwenye kazi hii ya chai."

"Baba yako nani?"

Nikamtajia. Akaweka kikombe chini.

"Yule wa Kinyala aliyezikwa wakati barabara imekatika kwa mvua? Mama yangu alikwenda kule kwa miguu. Alirudi na matope mpaka magotini."

Hapo ndipo nilipojua kwamba nalala chumba kimoja na binti wa Bi Saumu. Kila mtu wa milimani alimjua Bi Saumu muuza maandazi, na hakumjua kwa maandazi peke yake. Alikuwa Mwislamu safi asiyekosa sala, lakini hakukuwa na msiba wa Wanyakyusa uliompita. Alifika, akaweka kapu lake pembeni, akajifunga kanga kiunoni kama akina mama wa kwetu, akalia kwa sauti. Kwenye msiba wa baba nilimwona kwa macho yangu, amesimama kati ya shangazi zangu, sauti yake inapanda juu ya zao. Wajukuu wa mashehe walimsema sana. Yeye aliwajibu kwamba amewauzia hawa watu maandazi maisha yake yote, hawezi kuwazika kimyakimya.

"Sasa yukoje?" nikamuuliza.

"Anaumwa. Moyo. Mkataba wangu umebaki kidogo, nataka nimwahi." Akanywa chai yake. "Mimi si kama yeye, unajua. Mimi nalifuata neno la dini: msiba ni subira, na kelele si subira. Tulikuwa tunabishana kila siku juu ya hilo."

Kila Ijumaa alipiga simu nyumbani kwa kadi, kwenye simu ya ukutani karibu na kantini. Akirudi aliniambia, "Amekula," au "Amekaa uani leo," nami nikafurahi kama naambiwa habari za mama yangu mwenyewe. Tulianza kuhesabu bandari zilizobaki badala ya siku.

Kisha ikaja Ijumaa niliyotoka zamu alasiri nikakuta viatu vyake vimetupwa mlangoni, kimoja kimelala ubavu. Dada Zuhura hakuwa mtu wa kutupa viatu. Pazia la kitanda chake lilikuwa limefungwa. Nikasimama pale, sheria ya chumba mdomoni, sijui niingie au nitoke. Halafu akasema kutoka ndani, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Tuse, mama amefariki. Wamemzika jana. Nimefunga pazia."



Nilikaa chini kwenye ile nafasi ya mtu mmoja. Ninyi wa milimani mnajua ninachotaka kusema, lakini wapo watakaosoma ambao si wa kwetu. Kwetu habari ya kifo haikai ndani. Mwanamke wa kwanza kuisikia anatoka mlangoni na kupaza sauti, na sauti hiyo ndiyo inayowafanya walio mashambani waweke majembe chini na kuja. Aliyefiwa haachwi peke yake hata kwa kufumba na kufumbua. Mnalala naye chini, mnakula naye, mnalia naye. Maiti asiyeliliwa ni kama hakuwa na watu. Na huyu aliyekufa alikuwa Bi Saumu, aliyemlilia baba yangu huku matope yakimkauka miguuni. Mlima mzima ulikuwa na deni la machozi kwake, na mtu wa mlimani aliyekuwa karibu na binti yake nilikuwa mimi peke yangu, chini ya maji, mbele ya pazia lililofungwa.

Nilijaribu kuheshimu pazia. Nasema kweli, nilijaribu. Nikatoa kanga kabatini, nikajifunga kiunoni juu ya sare. Nikafungua mlango wa korido, kwa sababu kwetu hakuna anayelia mlango ukiwa umefungwa. Kisha nikalia. Nilimwita Bi Saumu kwa jina, nikamwita mama, nikamtajia wafu wote wa Kinyala aliowahi kuwalilia waje wampokee, na baba yangu nikamtanguliza mbele.

Korido ya chuma haisikii mambo ya msiba. Inachukua sauti, inaikuza, inaipeleka mpaka mwisho wa meli na kuirudisha. Milango ikafunguka upande huu na upande huu. Fundi mmoja wa mitambo akatoka amevaa jaketi la kujiokolea na kiatu kimoja. Mwindonesia mmoja wa jikoni aliponiona akaanza kulia naye, bila kujua analia nini. Mwingine akapiga namba ya dharura. Walinzi wakaja mbio na machela na mtungi wa kuzimia moto, wakaniuliza nani ameumia, nami sikuwa na Kiingereza cha kueleza, nikanyoosha mkono kwenye kitanda. Mmoja wao akalivuta pazia. Dada Zuhura alikuwa amekaa na tasbihi mkononi, kichwa wazi. Akavuta upande wa shuka kujifunika nywele mbele ya wanaume watatu. Uso wake siwezi kuusahau, na sauti yangu ilikatika palepale.

Nilipelekwa kwa meneja wa malazi jioni hiyohiyo. Kusababisha taharuki melini si kosa la kuchekewa, na mimi nilikuwa bado mtu wa majaribio. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na mezani kwake kulikuwa na karatasi ya kunishusha bandari inayofuata. Aliuliza polepole ili nielewe.

"Nani amefariki?"

"Mama yake Zuhura."

"Sasa mbona mwenye mama amekaa kimya, na wewe ndiye unayepiga kelele?"

Swali hilo nimelijibu kichwani maelfu ya mara tangu siku hiyo, nikilima, nikioga, nikimfukuza ng'ombe. Siku ile niliitazama ile karatasi tu. Nilifikiria watoto wangu, na mama yangu akiniona narudi na begi kabla ya wakati. Zaidi nilifikiria kwamba nikishushwa, Dada Zuhura atabaki kwenye kile chumba peke yake na msiba wake, na kitanda cha juu kitapewa mtu mwingine asiyeijua hata mvua ya Tukuyu.

Mlango ukagongwa. Aliingia amevaa sare iliyonyooshwa, ushungi umekaa sawa, macho makavu. Sikujua kama anakuja kunitetea au kunishitaki, na kama angenishitaki nisingemlaumu. Akaomba ruhusa ya kusema.

"Bwana, mimi dini yangu imenifundisha kunyamaza, na nimenyamaza," alisema. "Huyu kwao wamemfundisha kulia, na amelia. Mama yangu aliishi kati ya watu wa huyu, akawalilia wafu wao wote. Akamlilia na baba wa huyu. Leo ilikuwa zamu yao kumlilia, na mlima wao uko mbali, kwa hiyo amelia peke yake kwa wote. Mimi sikumtuma. Lakini ukimshusha, utakuwa umemfukuza mtu pekee aliyekuja kwenye msiba wa mama yangu."

Meneja akamtazama, akanitazama mimi. Akaichukua ile karatasi, akaiweka chini ya nyingine.

"Pole sana kwa mama yako," akamwambia. Kisha akanigeukia. "Siku nyingine, tafadhali, fungeni mlango."

Tulirudi chumbani. Nikapanda kitandani kwangu, nikashuka tena, nikaenda kukaa sakafuni karibu naye, kwa sababu msiba ulikuwa bado msiba. Alikaa kitandani na miguu yake karibu na bega langu.

"Umenidhalilisha leo, Tuse," alisema. "Wanaume wameniona kichwa wazi."

"Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe tangu korido. Mama angefurahi sana, hilo ndilo linaloniudhi. Angetoka kaburini kukusahihisha, lakini angefurahi." Akaushika ushungi wake. "Ila usirudie. Niahidi. Hata siku yangu mimi ikifika, usinililie vile. Nataka kwenda kwa utulivu."

Nikamwahidi. Hapo ndipo alipolia, bila sauti hata kidogo, mabega tu yakitetemeka, mkono wake mmoja juu ya kichwa changu kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa. Nilikuwa sijawahi kuona mtu akilia hivyo. Nilikuwa nikidhani wanaonyamaza hawaumii, na ule mkono ulinifundisha.

Tangu siku hiyo pazia lake halikufungwa lote tena. Aliacha upenyo upana wa kiganja, upande wa miguu. Sheria ilibaki ileile, sikumsemesha, ila nilijua kwamba yupo.

Tulikaa chumba kimoja mikataba kadhaa, tukiomba wenyewe tupangwe pamoja. Yule Mfilipino wa funguo alizidi kuamini kwamba alikuwa sahihi tangu mwanzo kuhusu undugu wetu, na hatukumbishia. Nilijifunza kushona kitufe kisichong'oka, kupima mtu kwa macho bila futi, na kuomba radhi bila maneno mengi. Yeye alijifunza kula ndizi za kupika bila kulalamika. Alipoacha kazi ya meli alirudi Bulyaga na kuweka cherehani barazani, na kila nilipokuja likizo nilishuka kwake kwanza kabla ya kupanda Kinyala. Nilikuwa namkuta na nguo begani na pini midomoni, anaongea kwa upande mmoja wa mdomo. Wenzangu wa siku za baadaye melini walikuwa watu wazuri, Wakenya, Wahindi, Mmalagasi mmoja aliyeimba usingizini. Hakuna aliyeniambia kola zangu mbaya na bado akanyoosha mashati yangu.

Nilikuwa nimesharudi nyumbani moja kwa moja Dada Zuhura alipoanza kuumwa. Nilikuwa nikimpelekea majani ya chai, namchemshia mwenyewe, ananusa kabla ya kunywa kama siku ile. Hakuzungumzia kufa, nami sikumuuliza. Nilipoletewa habari nilikuwa shambani, na mdomo wangu ulifunguka wenyewe, nikauziba kwa kiganja. Nilishuka mjini kwa bodaboda na kiganja kikiwa bado mdomoni, yule dereva akidhani jino linaniuma.

Nyumbani kwa Dada Zuhura kulikuwa na utulivu alioutaka. Wanawake wamekaa kwenye mikeka, Yasini inasomwa chini kwa chini, wanaume wako nje. Mwanawe, Mwajuma, alinipa nafasi ukutani. Nikajikunja pale na ahadi yangu. Nilikuwa nimejifunga kanga kiunoni bila kufikiri, nikaifungua, nikaiweka magotini. Nikahesabu maua ya kanga ili nisipumue vibaya. Wanaume wakabeba jeneza, wakaondoka nalo kwa haraka kama ilivyo desturi yao, na sauti zao zikapotea upande wa makaburi.

Mwajuma akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Mama mdogo, mama aliniachia maneno yako. Akasema nisubiri mpaka wanaume watoke."

"Maneno gani?"

"Alisema, 'Akija Tuse wa Kinyala, mwambieni ile ahadi ya melini nimeifuta. Mimi nitakuwa nimeshafika, haitanisumbua. Yeye akinyamaza atapasuka.'" Akaichukua kanga magotini kwangu, akanifunga kiunoni kwa mikono yake. "Akasema pia mlango uachwe wazi."

Nikasimama kwenye kizingiti. Sauti niliyoibeba kutoka shambani ikatoka, na nyuma yake zikatoka za miaka yote. Nikamtaja Dada Zuhura, nikamtaja Bi Saumu ampokee bintiye, hata kama watabishana. Milango ya mtaa ikafunguka mmoja baada ya mwingine, kama ile ya korido yetu. Ila Bulyaga hakuna aliyetoka na jaketi. Akina mama walitoka na kanga viunoni, wakaja kulia nami.